Fika Kabla Injini Haijaamshwa

  Wasikilizaji wa hapa Garsen, leo siongei habari za mto Tana wala za malisho. Naongea habari za gari dogo la petroli lenye turbo, lile lililoandikwa herufi tatu nyuma, ambazo muuzaji hukuonyesha kwa kidole huku akitabasamu kana kwamba amekuongezea kitu juu ya bei.

Juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Malindi.

"Shikamoo mjomba. Nimepata gari."

"Marahaba mwanangu. Gari gani?"

"Dogo, mjomba, lakini lina turbo. Injini ya cc 1,200 tu, ila ukilikanyaga linaruka kama swala. Nimeliendesha jana saa saba mchana, halina neno."

Nikamuuliza swali moja. "Ulipofika, injini ilikuwa baridi au moto?"

Akanyamaza kidogo. "Moto, mjomba. Muuzaji alinifuata nalo stejini."

"Basi gari hujaliona bado," nikamwambia. "Umeona lile alilotaka ulione."

Wasikilizaji, nitasema mengi leo, lakini mkisahau yote mkumbuke hili: injini ya turbo iliyotumika husema kweli mara moja tu kwa siku, nayo ni asubuhi, pale inapowashwa kwa mara ya kwanza. Ikishapata moto huwa imetengeneza uso wake, kama mtu aliyekwisha kunywa chai. Kwa hiyo biashara hii ni mashindano ya nani ataamka mapema, wewe au muuzaji.

Lakini kwanza tuulizane, magari haya yametokea wapi? Miaka kumi na mitano iliyopita, mtu wa huku akikwambia anatafuta gari ulijua ni Probox, pikapu au Land Cruiser. Mambo yamebadilika kwa sababu tatu. Ya kwanza ni barabara. Ile ya kutoka Lamu kupitia Witu hadi hapa Garsen, kilomita 135, ilianza kujengwa kwa lami mwaka 2017, na gari la tumbo chini ambalo zamani lingekwama mchangani sasa linapita. Ya pili ni sheria. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo yale tuliyoyazoea yanazidi kuadimika katika bandari ya Mombasa, na yanayoshuka melini ni ya kizazi ambacho viwanda vya Ulaya na Japani vilipunguza ukubwa wa injini, vikaipa turbo ifidie nguvu. Ya tatu ni kodi: injini isiyozidi 1,500 hutozwa ushuru wa bidhaa kwa kiwango cha chini kuliko injini kubwa zaidi. Ndiyo maana leo unakutana na Volkswagen Golf na Polo za 1,200 na 1,400, Toyota C-HR ya 1,200, Suzuki Escudo ya 1,400, Honda za 1,500, na Peugeot za 1,200.

Sisemi ni magari mabaya. Nasema yana masharti, na masharti hayo huwezi kuyajua bila kujua turbo inafanya nini.

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi unaotoka injini huizungusha feni ya kwanza. Ya pili, kwa kuwa zimeshikana kwa shafti, huvuta hewa na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo huongezwa, na injini ndogo hupata kifua cha injini kubwa. Wazo hili si geni, kwani mhandisi wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905. Kazi ngumu ni kulifanya lidumu. Shafti ile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wake mmoja umekabiliana na moshi wenye joto la nyuzi 900 na zaidi. Katika turbo nyingi shafti hiyo haikai juu ya gololi kama gurudumu. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Wahenga waliposema vyaelea vimeundwa walikuwa wakitazama jahazi, lakini maneno yao yanaifaa turbo vilevile. Oili ikichelewa kufika, ikiwa chafu au pungufu, chuma kitagusa chuma, na kwa mwendo ule hakuna msamaha.

Kwa hiyo ukinunua gari la turbo lililotumika, hununui rangi wala viti vya ngozi. Unanunua tabia ya mtu aliyekuwa akilibadilisha oili. Kwa miaka mingi baadhi ya viwanda vya Japani viliagiza oili ya magari ya petroli yenye turbo ibadilishwe kila kilomita 5,000, wakati magari yao yasiyo na turbo yaliruhusiwa kufika 15,000. Angalieni tofauti hiyo: mara tatu. Mwenyewe wa kwanza akiwa alijifanya halijui agizo hilo, deni lake utalilipa wewe hapa Garsen.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wanunuzi, nalo ni sifa. Muuzaji atakwambia injini hii ilishinda tuzo ya dunia, na huenda hadanganyi. Katika mashindano ya kimataifa ya Injini Bora ya Mwaka, ile ya Volkswagen ya 1,400 yenye turbo ilishinda mwaka 2009 na 2010. Ford ya lita moja, iitwayo EcoBoost, ikashinda 2012, 2013 na 2014 mfululizo. Peugeot na Citroën wakashinda katika daraja lao mara nne, 2015 hadi 2018, kwa injini ya 1,200 iitwayo PureTech. Sifa hizo ni za kweli.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Zile Volkswagen za kizazi cha mwanzo, za 1,200 na za 1,400, zilijulikana kwa cheni ya taimingi inayorefuka ikizeeka, hata ikaruka meno na vali zikagongana na pistoni. Kizazi kilichofuata kikaiacha cheni kikarudi kwenye belti. Zile za Ford na Peugeot zilikuja na belti inayofanya kazi ndani ya oili, na oili isiyofaa au iliyochoka huimumunya belti hiyo, chembe zake zikaziba chujio la pampu, na injini ikabaki na kiu huku oili ipo. Mwaka 2024 kampuni ya Stellantis, mwenye Peugeot kwa sasa, iliongeza dhamana ya tatizo hilo kwa wateja wa Ulaya hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Na lile giaboksi la Volkswagen la gia saba lenye klachi kavu, linaloambatana na nyingi ya injini hizi ndogo, lilifanya magari yaitwe kiwandani kwa matengenezo nchini China, Japani na Australia mwaka 2013.

Tuzo hutolewa injini ikiwa mpya. Sisi huipokea ikiwa na miaka minane, na kwa umri huo jaji ni fundi. Basi kabla hujaenda kuliona gari, ulizia jina kamili la injini yake, mwaka wake, na kama ina cheni, belti kavu au belti ya ndani ya oili. Mwenye kukuuzia akikujibu, "Hiyo ni turbo tu, bro," ujue naye aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Haya, tumefika siku ya ukaguzi. Mpigie muuzaji jana yake umwambie asiliwashe gari mpaka ufike. Uwepo saa kumi na mbili asubuhi, na fundi wako, si wa kwake. Kabla ya salamu ndefu weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, gari limeshaamshwa. Omba kurudi siku nyingine au nenda zako.

Likiwa baridi, fungua boneti. Vuta kijiti cha oili. Oili nyeusi peke yake si kosa, oili huchafuka. Kosa ni oili iliyo chini ya alama, maana anayeuza gari bila kujaza oili hakuwahi kuijali. Inuse. Ikinuka petroli sana, petroli inavuja kuingia kwenye oili na kuifanya nyepesi, maradhi yanayofahamika kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Sasa fungua kizibo cha kutilia oili, utazame ndani kwa tochi. Ukiona utando mweusi mzito kama lami au kama sukari iliyoungua, gari hilo lilikaa muda mrefu na oili moja, hata kama jana limetiwa mpya.

Nenda kwenye tangi dogo la maji ya rejeta. Ukikuta maji matupu yenye kutu badala ya kuulanti ya rangi, jiulize kwa nini. Maji yetu ya visima huku deltani mengi yana chumvi, na chumvi hula aluminiamu ya injini na rejeta kwa ndani, polepole, bila kelele.

Sasa nyamazeni nyote. Muuzaji pia anyamaze, azime na redio yake, hata kama ninazungumza mimi. Washa. Sikiliza sekunde tano za kwanza. Mtikisiko wa chuma, kama sarafu ndani ya mkebe, ukidumu zaidi ya sekunde moja au mbili, ni cheni iliyolegea au oili inayochelewa kupanda. Huo ndio mlio ambao mpwa wangu asingeusikia saa saba mchana. Mwenzako asimame nyuma atazame ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, kupitia turbo, ringi au vali. Moshi mweupe mzito wenye harufu ya utamu ni kuulanti, na hapo gasketi ya silinda inakuaga. Mweusi ni petroli iliyozidi.

Kisha liendeshe. Hapa tuna shida ya kwetu: Tana Delta ni tambarare, hatuna mlima wa kulipima gari. Mlima wetu ni watu. Pakia watu wazima wanne, washa kiyoyozi, shika lami ya kuelekea Malindi. Injini ikishapata moto, punguza mwendo, kisha kanyaga. Gari la turbo lenye afya huvuta kwa mfululizo, kama mkono unaokusukuma mgongoni bila kuachia. Likivuta, likasita, likavuta tena, au likipiga filimbi kama king'ora, au ukasikia hewa ikivuja, kuna bomba lililopasuka, koili inayokufa au turbo iliyochoka. Na likitetema wakati wa kuondoka gia ya kwanza na ya pili, usiambiwe "ni kawaida ya Mjerumani." Ni klachi.

Mkirudi, liache likinguruma dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iipoze turbo. Mfanye hivyo hata baada ya kununua, kila mkitoka safari ndefu. Likishapoa, fundi atoe bomba la hewa, ashike ncha ya shafti ya turbo kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo sana upande kwa upande, si neno. Ikienda mbele na nyuma, au ncha za feni zikiwa zimekwaruza ukuta wake, hiyo si turbo, ni chuma chakavu. Unyevu wa oili bombani ni kawaida. Oili iliyotuama si kawaida.

Halafu kompyuta. Msikubali gari la namna hii bila kulisoma kwa mashine. Namba P0299 maana yake turbo haitoi msukumo unaotakiwa. P0016 maana yake mzunguko wa kranki na wa kamu haulingani, na kwenye injini ya cheni hiyo mara nyingi ni cheni iliyorefuka. P0300 ni silinda zinazokosa kuwaka. Lakini fundi mjanja hafurahi akikuta hakuna namba yoyote. Huuliza swali la pili: je, gari limemaliza kujipima lenyewe? Mashine huonyesha. Vipimo vikiwa havijakamilika, mtu amefuta makosa hivi karibuni, labda kule nje ya lango.

Tazama pia ushahidi mdogo mdogo. Magari mengi yaliyotoka Japani yana kibandiko cha gereji, kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, chenye kilomita za oili iliyobadilishwa mwisho. Hujui Kijapani, lakini namba ni namba. Kibandiko kikisema 92,000 na dashibodi ikasema 61,000, mazungumzo yameisha. Kwa gari lililopita mnadani Japani, karatasi ya mnada hutafutwa kwa namba ya chesi, na alama R ndani yake humaanisha gari liligongwa likatengenezwa. Namba hiyohiyo ilingane na logbuku na rekodi ya mamlaka ya usafiri, NTSA.

Nisisahau mto. Novemba 2023 maji ya Tana yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu karibu na Gamba, na mwaka uliofuata masika yakaleta mafuriko mengine. Wako waliovuka kwa ubishi. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta kwenye silinda, kinachopinda ni konrodi. Na katika magari mengi ya turbo mabomba ya hewa hupita chini, mbele, palepale maji yanapoanzia. Gari la namna hiyo huoshwa likang'aa. Wewe vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake, inua zulia, tazama chini ya gurudumu la akiba na ndani ya vioo vya taa. Tope la Tana huacha mstari, na mwoshaji huwa hafiki huko.

Sasa niseme neno ambalo wauzaji hawatalipenda. Hata gari likipita yote hayo, kuna swali la mwisho, na jibu lake haliko chini ya boneti. Utalilisha nini? Turbo inataka oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu chake, si ya kupimiwa kwenye chupa. Kwa vumbi na joto letu mimi ningeibadilisha kila kilomita 5,000 bila kusubiri taa. Filta ya hewa isipulizwe tu, ibadilishwe, kwa sababu punje ya mchanga ikipita inakutana na feni inayozunguka mara laki moja. Fungua kifuniko cha petroli usome aina inayotakiwa, kwani mengi ya magari ya Ulaya yaliyokuwa Japani yalizoeshwa petroli ya daraja la juu, na injini ya turbo ikipewa ya chini hugonga kwa ndani. Na gereji yenye mashine na mtu wa kuielewa, kwa wengi wetu, iko Malindi au Mombasa. Malindi ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na lori la kukukokota halikukokoti kwa udugu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ukiwa unakwenda Malindi au Mombasa mara kwa mara, una daftari la oili na fungu la akiba pembeni, gari dogo la turbo lenye historia iliyoandikwa litakustarehesha. Ukiwa unataka gari la kubeba maembe kutoka shambani, la kuazimwa na shemeji, la kutiwa oili ukikumbuka, tafuta injini isiyo na turbo. Itakuwa nzito kidogo kuondoka, lakini itakusubiri.

Na mpwa wangu? Alifika yadi kabla jua halijachomoza. Umande ulikuwa bado kwenye kioo, lakini boneti ilikuwa na joto kama sufuria iliyotoka jikoni. Muuzaji akasema, "Nililisogeza tu, kaka." Mpwa akamshukuru kwa adabu, akapanda matatu akarudi nyumbani. Nauli ndiyo hasara pekee aliyopata.

Wasikilizaji, anayekuuzia gari zuri hana sababu ya kuliamsha kabla yako. Mwambieni alale, amkeni ninyi.